Deni Anajifunza Kukaa

Kahindo alikosa fedha ya mshono,
akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha viazi.
"Shika huyu, mama, tusidaiane tena."
Nikamwita Deni.
Sasa nikiita uani, "Deni! Deni, rudi!"
jirani wa nyumba ya pili anazima redio,
anarudisha mlango polepole, anajifanya hayupo.

Siku ya kwanza alikojoa mara saba.
Nilihesabu, kama ninavyohesabu vifungo:
mara mbili chini ya cherehani,
mara moja kwenye gauni la harusi la watu
(upande wa ndani, namshukuru Mungu),
zilizobaki popote wazo lilipomkuta.

"Mchovye pua mlemle," akasema Paluku seremala,
"ndivyo wanavyojifunza."
Nikamchovya. Mara moja.
Kesho yake nyumba ilikuwa kavu, nikajisifu,
mpaka harufu iliponiita nyuma ya gunia la makaa.
Hakujifunza kwamba nyumba si choo.
Alijifunza kunikwepa.

Basi nikaanza upya, mwanafunzi nikiwa mimi.
Akiamka, nje.
Akimaliza uji, nje.
Akiacha mchezo ghafla, akaanza kuzunguka
akinusa sakafu kama mtu aliyeangusha sindano,
nje, upesi, kifuani,
cherehani ibaki na mguu wake hewani.

Lakini nje yetu hapa Majengo si nje ya watu wengine.
Nje yetu ni jiwe. Ni moto uliopita mtaani,
ukachoka, ukalala, ukawa kiwanja.
Na nyayo za Deni bado laini kama ulimi.
Alisimama juu ya ile meusi yenye meno,
akainua mguu mmoja, akainua mwingine,
akanitazama: hapa?

Nikamwomba Paluku ndoo mbili za vumbi la mbao,
nikamwaga penye pembe ya ukuta.
Palepale kila siku. Mbwa husoma kwa pua,
na kitabu chake hakipendi kuhamishwa.

Alipokojoa pale kwa mara ya kwanza
nilipiga makofi, saa kumi ya alfajiri,
kitenge kimoja kiunoni, baridi ya ziwa mgongoni,
mlima ukiwa umepaka mawingu wekundu wake.
Nikampa kichwa cha sambaza.
Mlinzi wa ng'ambo akaita: "Mama, kuna nini?"
Nikamjibu: "Deni limelipwa!"

Mwanangu Ushindi ananiambia mbwa wa Himbi,
wale wa majumba yanayotazama maji,
husikia Kifaransa tu: asi, kushe.
Sisi hatuna Kifaransa cha kumpotezea mbwa.
Nilichagua neno moja.
Sambaza juu ya pua, polepole kuelekea kisogoni;
kichwa kinapanda, makalio yanashuka yenyewe.
"Kaa."
Mara moja tu. Ukisema mara nne
atajifunza kungoja ya nne.

Jioni tunafanya mazoezi kizingitini.
Mlango wazi, chukudu zinashuka na mbao zake,
mkia wa Deni unafagia, mwili wote unataka kwenda.
Kaa, namwambia,
na neno linanigeukia mdomoni:
kaa, keti;
kaa, ishi hapa;
kaa, kipande cha moto.
Mwaka ule wa kukimbia walituambia ondokeni, tukaondoka,
magodoro kichwani, ufunguo wa nyumba shingoni.
Kurudi hatukuambiwa na mtu.
Tulirudi tu, tukapigilia mbao juu ya jivu,
tukakaa juu ya kaa.

Jana usiku ilinyesha. Nikasikia kucha mlangoni,
kwa adabu, mara mbili.
Nikafungua. Akaenda mwenyewe hadi pembeni,
vumbi la mbao limekuwa uji, hakujali.
Akamaliza, akarudi, akanusa mkono wangu.
Sikuwa na sambaza. Sikuwa na kitu.
Mvua inatupiga sote, yeye akaketi
juu ya jiwe lenye meno, akinitazama,
na mimi sikuwa nimesema neno.